Kilainishi chenye dawa ya kuua mbegu

*Daktari, nataka kununua kilainishi chenye dawa ya kuua mbegu za kiume ili mimi na mume wangu tuache kondomu. Kinatosha? – Mama M., Morogoro*

Mama M., kikiwa peke yake hakitoshi. Kwa matumizi ya kawaida, takriban mwanamke 1 kati ya 5 hushika mimba ndani ya mwaka. Dawa yenyewe, nonoksinoli-9, haikingi VVU. Ikitumiwa mara kwa mara inaweza kuchubua uke na kurahisisha maambukizi.

Mkiwa bado mnatumia kondomu, chagua kilainishi cha maji kisicho na dawa hiyo. Mafuta ya nazi au ya kujipaka huharibu kondomu. Kabla ya kuziacha, mpimwe VVU wote wawili, kisha uliza kliniki kuhusu sindano, kipandikizi au kitanzi. Ukiwashwa au kupata vidonda, nenda kituo cha afya.