Mwombee Ruhusa, Usimtie Ugonjwa

Mdogo wangu, nimekusoma. Baba watoto kapewa likizo Oktoba, shule zinafungwa Desemba, na nauli za Desemba sote tunazijua. Mnataka kwenda Mafia wiki nzima na watoto wawili, mmoja yuko darasa la kwanza, mwingine la nne. Unauliza kama ni vibaya kuwatoa shule.

Si vibaya. Ila tuongee.

Huyo wa darasa la nne haendi popote mwishoni mwa Oktoba. Ndio msimu wa upimaji wa kitaifa, na hapo mwalimu mkuu hana cha kukusaidia hata akikupenda vipi. Mwambie baba watoto aombe likizo isogezwe hadi mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mitihani ya kufunga mwaka. Kama mnafuata papa potwe, wapo pale Kilindoni tangu Oktoba mpaka Februari hivi, hawatawakimbia.

Wa darasa la kwanza usimchukulie kirahisi kwa sababu ni mdogo. Watu hupenda kusema, "Huyo anakosa nini?" Anakosa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na KKK hupanda ngazi kwa ngazi. Wiki wanayofundishwa mba, nda na nga akiwa anaogelea, atarudi akute wenzake wanasoma maneno mazima, yeye anawatazama midomo. Kama tayari anasoma vizuri, wiki moja haimdhuru. Kama bado anahangaika, usimtoe, au ukimtoa ubebe kitabu na ukae naye nusu saa kila asubuhi kabla ya ufukweni. Nenda kwa mwalimu wake umuulize wiki hiyo watafundisha nini. Hilo litakusaidia kuliko kuuliza kama anakubali. (Mwenye wa chekechea amchukue tu. Isipokuwa Januari, maana kilio cha getini kikishakatika hutaki kukianza upya.)

Sasa kuna jambo ulilolipitisha haraka haraka kwenye ujumbe wako nikaliona. Kwamba utamwambia mwalimu mtoto ana homa. Usithubutu! Mtoto wa miaka saba atarudi kang'aa kwa jua, na kabla ya mapumziko ya chai darasa zima litakuwa limeshasikia habari za samaki mkubwa kuliko Hiace. Mwalimu atamuuliza, "Si ulikuwa unaumwa?" Atajibu nini? Ama akuumbue, ama aseme uongo kwa niaba yako, na mimi sijui lipi baya zaidi. Andika barua kwa mwalimu mkuu wiki moja au mbili kabla, taja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, nakala umpe mwalimu wa darasa. Mwalimu aliyeambiwa ukweli ndiye atakayekutumia kazi za wiki hiyo kwenye simu. Aliyedanganywa ana kila sababu ya kukaa kimya. Mwalimu mkuu akikataa, kubali, kuna likizo fupi karibu na Pasaka na nyingine Septemba, kaombeni kazini mapema.

Dada zangu mlioko Uingereza, kwenu barua haitoshi. Mwalimu mkuu huruhusu kwa sababu za kipekee tu, na tiketi ya bei nafuu ya kwenda Dar si mojawapo. Tangu Agosti 2024, kule England, mtoto akikosa siku tano bila ruhusa mnaweza kutozwa pauni 80 kila mzazi kwa kila mtoto. Wazazi wawili na watoto wawili ni pauni 320, na mkichelewa kulipa zaidi ya siku 21 inakuwa mara mbili. Pigeni hesabu hiyo pamoja na nauli. Mwenye mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano asafiri kwa amani, sheria hiyo bado haijamgusa.

Turudi Mafia. Mkipita Nyamisati kwa boti, ratiba huifuata bahari. Kukichafuka hamwondoki, hata kama Jumatatu kuna shule. Kwa hiyo msipange kuvuka Jumapili. Vukeni Ijumaa, Jumamosi mfue sare, Jumapili mkubwa amalize kazi alizotumiwa na mdogo alale mapema. Na barua ya ruhusa iandike leo, baba watoto aisaini na yeye.