USIFUNGE GETI MAPEMA
Somo: Mwanzo 13:14-18, 14:11-24

Wengi wetu tukihamia nyumba mpya tunaombea kila chumba, tunapaka mafuta mlangoni, halafu tunajifungia. Abramu alifanya zaidi.

1. Alitembea. Mungu alimwambia aizunguke nchi, urefu na upana wake. Wewe je, unajua zahanati iko wapi? Na mwenyekiti wa Nyumba Kumi ni nani?

2. Alijenga madhabahu. Alipohamia Hebroni, penye mialoni ya Mamre, alimjengea Bwana madhabahu. Maombi ya jamii yaanze hata kabla pazia hazijaning'inizwa.

3. Alipatana na majirani. Mamre, Eshkoli na Aneri walikuwa Waamori, si watu wa ukoo wake. Lakini Lutu alipotekwa, Abramu alitoka na watu wake 318, na majirani hao wakaenda naye. Urafiki huo haukuanza siku ya shida.

Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, utagonga mlango wa nani?

Zoezi la wiki: Salimia majirani watatu, jua majina yao, kisha uwaombee mmoja mmoja kwa jina. Amina.