Mkojo Unaponyoka Ukikohoa: Tiba Ipo

Akina mama wengi wa Kasulu na Kibondo wanalijua jambo hili, ila hawalitaji. Umejitwika dumu la maji, unapanda mlima, ukipiga chafya tu kitenge kimelowa. Ukilalamika, utaambiwa ndivyo uzazi ulivyo. Sivyo. Ni ugonjwa, na unatibika.

Chini ya kibofu kuna misuli na kano zinazoishika njia ya mkojo. Uzazi huzilegeza, hasa uchungu ukichukua muda mrefu. Mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, unene na kukoma hedhi huzidisha.

Mkojo ukitoka unapokohoa, kucheka au kunyanyua kitu kisha ukakata, ndio tunaouzungumzia hapa. Ukivuja mfululizo usiku na mchana tangu ulipojifungua kwa shida, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo ina upasuaji wake. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa. Wapo waliozibwa tundu hilo lakini bado wakikohoa mkojo unaponyoka. Mama wa namna hiyo asikate tamaa, arudi hospitali.

Anza zahanati au kituo cha afya. Watapima mkojo, maana maambukizi nayo huleta shida hii. Hospitalini utaombwa ukohoe kibofu kikiwa kimejaa, ili mtaalamu aone mkojo unavyotoka. Usione haya. Kipimo hicho ni kifupi na kinamwonyesha mengi.

Kabla ya kisu kuna mazoezi. Kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, kisha legeza. Fanya mara 8 kila asubuhi, mara 8 mchana na mara 8 jioni, kwa miezi 3. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi hayo peke yake. Usiache kunywa maji ukidhani ndiyo dawa.

Mazoezi yakishindwa, ndipo upasuaji. Njia mojawapo ni daktari kuchukua kipande cha utando mgumu wa tumbo lako mwenyewe na kukipitisha chini ya njia ya mkojo, kikaishika kama mbeleko inavyomshika mtoto mgongoni. Nyingine ni kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi. Ipo pia ya utepe wa plastiki. Hiyo Uingereza iliisimamisha Julai 2018, baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu ya kudumu na utepe kuchomoza ukeni. Kwa hiyo muulize daktari: utaniwekea nini, na umewafanyia wangapi? Ni haki yako kujibiwa kabla ya kutia sahihi. Kama bado unataka kuzaa, mwambie, kwani uzazi mwingine unaweza kuharibu kazi yote.

Baada ya upasuaji utakaa na mpira wa mkojo kwa muda. Wengine mkojo hugoma kutoka mwanzoni, wengine hupata maambukizi. Homa, damu nyingi au mkojo kuziba ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa wiki 6 hivi hakuna dumu, hakuna kuni, hakuna jembe, wala tendo la ndoa. Hapa ndipo tunapokuhitaji wewe baba. Mshono unaweza kufumuka mama akirudi shambani mapema, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumsaidia. Chota maji wewe. Na kama mkeo hajakwenda kupimwa, mpe nauli ya Kasulu mjini au Kibondo mjini wiki hii, umsindikize.