Wosia, Wasii na Mdhamini: Lugha ya Kuwapangia Wazee na Jamaa Wenye Ulemavu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na neno wosia kwa mara ya kwanza katika fasihi. Huelezwa habari za Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Wosia huo ni wa mawaidha: dini, adabu na maisha ya ndoa. Mwanafunzi huyo huyo akiingia katika ofisi ya wakili siku moja akiwa amemshika mkono nyanya yake, atagundua kwamba huko neno hilo lina maana nyingine kabisa. Wosia wa wakili haumwonyi mtu wala kumnasihi. Huagiza mali iende wapi, na nani aisimamie.

Makala haya yanahusu pengo lililopo baina ya maana hizo mbili, pamoja na maneno mengine ya aina hiyo: wakala, mdhamini, mlezi, msimamizi. Dai letu ni kwamba jamaa wengi nchini Kenya hawashindwi kuwapangia wazee wao na watoto wao wenye ulemavu kwa kukosa upendo, na wala si lazima iwe kwa kukosa mali. Hushindwa kwa sababu maneno yanayobeba mipango hiyo hayawafikii, au huwafikia yakiwa na maana isiyokusudiwa. Kazi ya kuyanyoosha maneno hayo ni yetu sisi wanalugha. Hatuwezi kuwaachia mawakili peke yao, kwani wengi wao wamesomea taaluma yao kwa Kiingereza.

Kauli na Karatasi

Ipo hofu ya kale kwamba anayeandika wosia anajichulia kifo. Hofu hii ina nguvu zaidi inapomhusu mzee: mwana anayemwuliza babaye kuhusu hati za shamba huonekana ana haraka ya kurithi. Kwa hiyo mambo huachwa yasemwe kwa mdomo, siku ambayo watoto wote wamekusanyika nyumbani, pengine wakati wa Krismasi au Idi. Mzee huketi, hukohoa, na kutamka: shamba la bondeni la fulani, ng'ombe wa fulani, nyumba hii isiuzwe kwa kuwa ndugu yenu asiyeweza kutembea atakaa humu.

Sheria ya Urithi (Sura ya 160), iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haiyadharau maneno hayo. Inakubali wosia wa kinywa. Hata hivyo, kifungu cha 9 kinaweka masharti mawili ambayo wazee wengi hawajaambiwa: pawe na mashahidi wawili au zaidi wanaostahili, na msemaji afariki katika muda wa miezi mitatu tangu aseme. Askari aliye vitani ana nafuu yake, lakini raia wa kawaida hana. Maana yake ni kwamba mzee aliyetamka matakwa yake mwezi wa Desemba, akajaliwa kuishi miaka miwili zaidi, huwa hana wosia tena. Wanawe wataendelea kusema "Baba alisema", kila mmoja kwa namna yake, na mahakama haitakuwa na la kushika. Uhai mrefu, ambao kila mtoto huwaombea wazazi wake, ndio unaobatilisha kauli yao. Jambo hili linastahili kufundishwa kwa sauti kubwa kuliko linavyofundishwa.

Wosia wa maandishi haufi kwa namna hiyo. Kifungu cha 11 kinataka mwenye wosia atie saini au alama yake, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao mashahidi watie saini zao. Asiyejua kusoma hazuiwi, kwa kuwa alama ya kidole gumba inatosha. Busara inataka asomewe hati nzima kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole, na jambo hilo liandikwe chini ya hati. Sheria haimlazimishi mtu kuandika wosia wake kwa Kiingereza. Bado tunaona wazee wakitia alama chini ya kurasa za Kiingereza ambazo hata wajukuu wao waliofika kidato cha nne hawaziwezi!

Shahidi asiwe mrithi. Aliyeachiwa kitu katika wosia kisha akaushuhudia hupoteza alichoachiwa, isipokuwa kama wapo mashahidi wengine wawili walio huru. Binti anayemlea mama yake ndiye mara nyingi aliye karibu siku ya kuandika, naye kwa kutaka kusaidia hutia saini kama shahidi. Kwa saini hiyo hujinyima nyumba aliyokusudiwa.

Kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilionyesha jinsi kauli zisizoandikwa zinavyoweza kuvutwa huku na huku. Mjane na ukoo walibishana hadi Mahakama ya Rufani, naye hakuzikwa ila Mei 1987. Ikiwa mtu wa sheria aliondoka bila kuacha waraka juu ya jambo hilo, mkulima wa kawaida tumlaumu kwa lipi?

Kwa Waislamu njia ni nyingine. Mirathi yao inafuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka pale pande zote zinapokuwa za dini hiyo na kuikubali. Huko wosia hauzidi theluthi ya mali baada ya madeni kulipwa, wala haumhusu mrithi mwenye fungu lake, ila warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mama anayetaka kumwongezea bintiye mwenye ulemavu hawezi kutegemea wosia. Njia iliyo wazi kwake ni hiba, yaani kutoa na kukabidhi akiwa hai, au wakfu ambao manufaa yake yataelekezwa kwa binti huyo.

Akili Timamu na Wakala Asiyedumu

Sheria inadai mwenye wosia awe na akili timamu, lakini haimtaki mzee athibitishe utimamu wake. Kifungu cha 5 kinamchukulia kuwa timamu, na anayedai kinyume ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Uzee peke yake si kasoro ya akili. Katiba ya mwaka 2010, inayomhesabu mtu aliyepita umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii, inasisitiza katika ibara ya 57 haki yake ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa na ya Serikali.

Tatizo huanza pale kumbukumbu inapopungua polepole. Mama anasahau namba ya siri ya benki, kisha anasahau kwamba ana akaunti. Watoto wakishauriwa kutafuta hati ya uwakala, yaani hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kutenda kwa niaba yako, hudhani wamepata dawa. Mambo mawili huwatatiza hapa, moja la lugha na moja la sheria.

La lugha ni kwamba neno wakala limebadilika masikioni mwa watu. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, wakala ni mtu wa kibandani anayepokea na kutoa pesa za simu. Neno wakili, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni mtu yeyote aliyepewa kazi ya kumsimamia mwenzake, nalo limefinywa likabaki kwa mwanasheria. Mzee akiambiwa ateue wakala, atauliza ni wa mtandao gani. Afadhali aambiwe wazi: "Mtaje mtu utakayempa ruhusa ya kukutolea pesa benki na kukutilia saini."

La sheria ni zito zaidi. Kwa kanuni tuliyoirithi kutoka Uingereza, ruhusa hiyo kwa kawaida hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua. Hukatika wakati ule ule inapohitajika. Baada ya hapo jamaa hulazimika kwenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili (Sura ya 248) ya mwaka 1989, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa. Njia hiyo ina gharama, huhitaji ushahidi wa daktari, na huwapa ndugu wasioelewana uwanja wa kupigania. Yapo mambo yanayoweza kufanywa mapema: kufungua akaunti ya pamoja, kuorodhesha mali na madeni, kuhakikisha jina kwenye hati ya shamba ni la mwenye shamba na si la babu aliyefariki miaka arubaini iliyopita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pensheni nayo ina mlango wake. Malipo ya mwanachama aliyefariki hutolewa kwa kufuata fomu ya kuwataja wanufaika, wala hayaingii katika mirathi. Mwalimu aliyejaza fomu hiyo kabla ya kuzaliwa mtoto wake mwenye ulemavu, na asiirudie, huenda amemsahau bila kukusudia hata kama wosia wake umemtaja mara kumi.

Mdhamini, Mlezi, Msimamizi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane mmoja ana mwana wa miaka thelathini mwenye ulemavu wa akili, anayeweza kulima na kujilisha lakini hawezi kujadili bei wala kutunza fedha. Mama huyu ana nyumba, ekari mbili na akiba kidogo katika chama cha ushirika. Ana mabinti wawili walioolewa. Swali linalomkosesha usingizi ni moja: nikifa, huyu ataishi na nani, na mkate wake utatoka wapi?

Akiambiwa amwekee mwanawe "mlezi" katika wosia, ameelekezwa nusu ya njia. Ulezi unaotajwa katika wosia kwa kawaida humhusu mtoto aliye chini ya miaka 18. Huyu ni mtu mzima. Akiambiwa amweke "mdhamini", atafikiri juu ya polisi na dhamana, au juu ya mkopo wa ushirika, au juu ya kampuni inayofadhili timu ya kandanda. Maana zote hizo zimo katika neno hilo leo. Lakini mdhamini anayekusudiwa hapa ni mtu anayeishika mali kwa jina lake kwa manufaa ya mwingine, asiruhusiwe kuila. Mwandishi wa makala haya anaona neno amana lingefaa zaidi, kwa kuwa Mswahili anajua vizuri kwamba amana si mali ya anayeitunza. Tungeweza kusema mshika amana, na mama angeelewa bila tafsiri.

Msimamizi ni tatizo jingine. Kenya tunalitumia neno hili kwa mtu aliyechaguliwa na marehemu katika wosia na pia kwa aliyeteuliwa na mahakama pasipo wosia. Hao ni watu wawili mbele ya sheria. Kiswahili kina neno la zamani kwa yule wa kwanza, nalo ni wasii. Wenzetu wa Tanzania walilihifadhi katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu. Hakuna sababu ya sisi kuliacha lioze kamusini. Mjane wetu amtaje binti mmoja kuwa wasii na jirani mwaminifu kuwa mshika amana, ili jicho moja lilitazame jingine.

Ikiwa mama atakufa bila kumwachia mwanawe chochote, sheria haikufunga mlango. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea mtegemezi fungu la kutosha, na kifungu cha 29 kinawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa wategemezi, wawe walikuwa wakitunzwa naye au la. Mzazi mkongwe wa marehemu naye anaweza kudai, mradi alikuwa akitunzwa na marehemu kabla ya kifo. Lakini ombi lazima liletwe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Mtu asiyeweza kujisemea atalileta vipi, ikiwa wanaotakiwa kumsemea ndio wanaonufaika na ukimya wake?

Jina Analoitwa

Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hapa wanaisimu tuna la kujibu, kwa sababu ngeli zetu zimezoea kumweka kiwete, kipofu, kiziwi na kichaa chini ya kiambishi kile kile cha kikombe na kijiko, ingawa upatanisho wa sentensi huwarudisha katika ngeli ya watu. Katika wosia jambo hili si la adabu peke yake. Hati inayosema "yule kichaa apewe chumba cha nyuma" humpa msomaji picha ya mzigo unaotafutiwa pa kutua, na wasii ataisoma hivyo. Aandikwe kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho, kisha hali yake ielezwe kwa kadiri inavyohitajika ili mahakama ielewe kwa nini fungu lake linashikwa na mwingine.

Mjane wetu angeweza basi kuandika hivi: "Nyumba yangu na ekari moja iliyo mbele yake naiacha mikononi mwa mshika amana niliyemtaja hapo juu. Aishike kwa manufaa ya mwanangu maisha yake yote. Mwanangu akae ndani yake. Asihamishwe bila ridhaa yake. Mazao yakiuzwa, pesa zimnunulie chakula, nguo na dawa kwanza, na hesabu ionyeshwe kwa wasii kila mwaka. Mshika amana akifa au akishindwa, binti yangu mdogo ashike mahali pake." Wakili ataongeza namba ya shamba na masharti mengine, lakini mama ataweza kuisikiliza hati hii ikisomwa, atikise kichwa panapomridhisha, aseme "hapana" panapomkera, na mashahidi wawili wasiorithi kitu wamwone akibonyeza kidole.