Mguu Una Nguvu, Mbona Baba Anaanguka?

SWALI

Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, tunaishi Kitaji, hapa Musoma. Miezi mitano iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Sasa anatembea, na akikusukuma kwa mguu huo unasikia kabisa nguvu zimerudi. Ila anaanguka: usiku akienda chooni, na mara mbili bafuni akinawa uso. Kandambili humvuka njiani, naye anaendelea na safari bila habari. Kaka zangu wanasema ni uzembe, mama mkubwa anasema katupiwa kitu. Mwenyewe anataka kurudi ziwani. Tufanyeje?

Binti wa Mvuvi, Kitaji

JIBU

Mwanangu, giza, sabuni usoni na kandambili: kwa hayo matatu umeshaeleza sehemu kubwa ya ugonjwa.

Mtu husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na taarifa zinazopanda kutoka kwenye nyayo, misuli na viungo. Taarifa hizo ndizo zinazomjulisha mguu wake uko wapi hata asipoutazama. Baada ya kiharusi, nguvu zinaweza kurudi huku taarifa zikiwa bado haziufikii ubongo vizuri. Mchana baba anaziba pengo hilo kwa macho. Taa ikizimwa, au akifumba macho kwa ajili ya sabuni, anakuwa hajui mguu ameuweka wapi. Kaka zako waache kumlaumu.

Mama mkubwa naye aelezwe kwa adabu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba Dar peke yake ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, hesabu ikishasawazishwa kwa umri. Wachawi wa kuwatosha wote hao sijui wangetoka wapi. Lakini presha, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo cha kiharusi, tunaijua ilipo, na kama baba amepewa dawa zake, asiziache hata akijisikia mzima.

Mpimeni hivi. Akae, afumbe macho. Shika kidole gumba cha mguu kwa pembeni, kipeleke juu au chini taratibu, muulize kimeelekea wapi. Anza na mguu mzima ili aelewe mchezo. Akikosea mara kwa mara upande wa kushoto, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Kwangwa, mkaulizie fizioterapia, na mweleze mlichokiona.

Nyumbani, anzeni leo. Taa iwake usiku kucha njia ya chooni, au awe na tochi na ndoo karibu na kitanda. Aoge amekaa kwenye stuli imara. Kandambili ziwekwe kando. Avae viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Maji ya moto yapimwe na mtu mwingine, na kila jioni mkague unyayo wake, maana anaweza kukanyaga msumari asisikie. Akianguka, msimwinue kwa kuvuta mkono wa kushoto. Bega lililolegea huteguka kirahisi.

Mazoezi yawe mafupi, mara nyingi kwa siku. Akae kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, nyayo zote mbili chini, ainame mbele, asimame, akae tena, uzito ukigawanyika pande zote. Akizoea, asimame ameshika meza, ahamishie uzito kushoto polepole bila kutazama sakafu, nawe uwe upande huo huo wa kushoto. Kufumba macho afanye akiwa amekaa tu: mpitishieni mkeka, kanga na mchanga chini ya unyayo, abuni ni kipi. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache. Na siku mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, msingoje kupambazuke. Ni hospitali moja kwa moja.

Sasa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, ndani ya chombo kisichotulia. Hapo macho yanapungukiwa na nyayo hazina pa kutegemea, na ndivyo viwili anavyovihitaji. Kwa sasa asiende. Lakini mwalo haujamfukuza. Mpelekeni mchana akae kivulini ashone nyavu, mkono wa kushoto ukishikilia wavu, wa kulia ukipitisha nyuzi. Kila baada ya muda afumbe macho, atafute tundu lililochanika kwa vidole vya kushoto. Ni kazi yake, anaijua, na inamrudisha kati ya wenzake. Kupanda chombo kuamuliwe na mtaalamu anayempima, si hamu yake wala huruma yenu.