Pedali ya Breki Inayokwenda Chini: Somo la Fizikia kutoka Gereji za Gerezani

Mitaa ya Gerezani, inayopakana na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ni mitaa ya vyuma. Huko hupatikana maduka ya vipuri, wakerezaji, wachomeaji, na mafundi wenye subira ya kufufua gari ambalo mwenyewe amekwisha kulikatia tamaa. Tuseme gari lililofufuliwa ni Land Rover ya Series IIA, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971, nayo ni ile ndefu ya inchi 109. Limepakwa rangi, injini imefungwa upya, breki zimetiwa raba mpya na viatu vipya. Siku ya kulijaribu, pedali inashuka karibu na sakafu kabla gari halijashika. Ikikanyagwa mara ya pili upesi, inapanda. Mwenye gari anataka kwenda Iringa, na wakati wa kurudi itampasa kuteremka mlima Kitonga.

Dawa inayotajwa kwanza katika hali kama hiyo ni kununua silinda kuu mpya. Huenda dawa hiyo ikafaa. Lakini mara nyingi fedha hutumika na pedali hubaki pale pale, kwa sababu swali lenyewe halikuulizwa. Swali ni hili: mafuta yanayosukumwa na mguu wa dereva yanakwenda wapi?

Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni ya Blaise Pascal (1623–1662), kwamba kanieneo linalotiwa katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Kanuni hiyo hueleza nguvu ya breki. Haielezi kwa nini pedali iko chini. Jambo hilo la pili ni suala la ujazo, na vitabu vingi hulipita haraka mno.

Katika gari hilo kila gurudumu lina viatu viwili, na kila kiatu husukumwa na pistoni yake; jumla ni pistoni 8. Silinda kuu ina kipenyo cha inchi 1, yaani eneo la karibu sentimita 5 za mraba. Kwa urahisi wa hesabu, ichukuliwe kwamba kila pistoni ya gurudumu nayo ina eneo la sentimita 5 za mraba, na kwamba wenzo wa pedali huzidisha mwendo mara 5. Ikiwa kila pistoni inahitaji kwenda nusu milimita tu ili kiatu kiguse ngoma, mafuta yanayohitajika ni sentimita 2 za ujazo. Pistoni ya silinda kuu itasogea milimita 4, na pedali itashuka sentimita 2. Hiyo ni pedali njema. Lakini ikiwa viatu vimeachwa mbali, hata kila pistoni ikalazimika kwenda milimita 2, mafuta yatakuwa sentimita 8 za ujazo, na pedali itashuka sentimita 8! Hakuna kilichoharibika wala kinachovuja. Nafasi imekuwa kubwa, basi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji kipuri chochote. Gari lipigwe jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, kisha boliti za kurekebishia zilizo nyuma ya kila gurudumu zizungushwe mpaka viatu vibane ngoma na gurudumu lisizunguke. Ndipo pedali ikanyagwe. Ikiwa sasa inasimama juu, ngumu kama jiwe, basi silinda kuu ni nzima, hewa haimo, na kosa lilikuwa nafasi ya viatu. Boliti zilegezwe kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru, na kazi imekwisha. Ikiwa pedali ingali chini ilhali viatu vyote vimebana, ugonjwa ni mwingine.

Hapo mguu wenyewe hupima. Pedali inayodundadunda kama mpira ina hewa. Pedali inayosimama, kisha ikazama polepole kadiri inavyokanyagwa, ina raba inayopitisha mafuta, ama ndani ya silinda kuu ama mahali pengine panapovuja nje. Kupanda kwa pedali katika mkanyago wa pili hakutofautishi magonjwa, maana nafasi kubwa na hewa zote mbili huonyesha dalili hiyo: silinda kuu huongeza mafuta kutoka kwenye kopo lake kabla viatu havijarudi kabisa.

Kuhusu hewa, mwalimu anayo sheria ya Robert Boyle, iliyochapishwa mwaka 1662, mwaka ule ule aliofariki Pascal. Tuseme sentimita 5 za ujazo za hewa zimebaki katika paipu. Kanieneo likipanda mara 40, hewa hiyo husinyaa hata kuwa moja ya nane ya sentimita moja ya ujazo. Karibu sentimita 5 za mafuta zimetumika kujaza pengo, na pedali imeshuka karibu sentimita 5 kwa kazi bure. Darasani jambo hili huonyeshwa kwa bomba mbili za sindano zisizo na ncha, zilizounganishwa kwa mrija. Zikijazwa maji, moja ikisukumwa nyingine hutii papo hapo. Likiachwa tone la hewa, mkono husikia tofauti. Wanafunzi wengine huuliza mbona mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Huko hewa hushindiliwa kwanza na mashine na kuwekwa akiba katika matangi. Ni mtumishi aliyekwisha kulipwa, si mgeni aliyejificha njiani.

Pa kutafuta kosa hujulikana kwa kubana mipira ya breki, ambayo katika gari hili ni mitatu: miwili mbele na mmoja nyuma. Kibanio kiwe na midomo laini ya mviringo. Koleo la meno huukata mpira kwa ndani. Yote mitatu ikibanwa na pedali ikasimama juu, silinda kuu imeondolewa lawama. Kisha kimoja kimoja kifunguliwe. Pale pedali itakapoanguka ndipo pa kufungua gurudumu. Mara nyingine fundi hukuta skrubu ya kutolea hewa imekaa chini ya silinda badala ya juu. Hewa hukaa juu daima, na breki hiyo ingeweza kutolewa upepo mwezi mzima.

Kosa jingine huwahadaa hata mafundi wazoefu. Ngoma iliyokerezwa sana huwa na mviringo mkubwa kuliko kiatu kipya, hivyo kiatu hugusa katikati tu na kujipinda kinapobanwa. Pedali hudunda kama yenye hewa, nayo hewa haimo. Ngoma ipimwe kabla ya kufungwa. Iliyozidi kikomo cha mtengenezaji itupwe. Na vumbi la lainingi za zamani lisipulizwe, kwani nyingi zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Raba nazo zisioshwe kwa petroli, wala kopo lisiongezwe mafuta ya injini. Raba za breki zilizoundwa kwa mafuta ya glikoli huvimba zikiguswa na mafuta ya madini, na kazi yote hurudiwa.

Yabaki ya Kitonga. Ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 280 ikipanda joto kwa nyuzi 200 za Selsiasi, hupanuka karibu milimita 0.6. Viatu hubaki nyuma, na pedali iliyokuwa njema Gerezani hushuka mlimani. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina uhaba wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakiisha kunyonya maji, kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka, mvuke huingia mahali pa mafuta na mguu hukuta sakafu. Dereva huteremka kwa gia ndogo, injini ikilizuia gari, na breki akizipumzisha. Gari likisimamishwa likapoa, pedali hupanda tena katika hali zote mbili, lakini mafuta yaliyokwisha kuchemka hayana budi kumwagwa na kutiwa mapya kabla ya safari kuendelea.