Flopi Inapogoma: Kusakinisha DOS na Windows 3.1 kwenye Kompyuta Kongwe

Kompyuta ya miaka ya 1990 ikikataa kupokea mfumo wake wa uendeshaji, lawama humwangukia mzee wa watu: imechakaa, itupwe. Mara nyingi inasingiziwa. Mwenye kosa huwa ni flopi, au draivu inayoisoma, na heri ujue ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujaanza kubadilisha vifaa.

Tuchukue MS-DOS 6.22, iliyotoka mwaka 1994 na kusakinishwa kwa flopi tatu, kisha Windows 3.1 juu yake. Ndiyo jozi inayorudishwa zaidi kwenye mashine za 386 na 486.

Fungua kasha kwanza, utazame betri ya ubao mkuu. Mashine nyingi za wakati ule zina betri ya nikeli na kadimi iliyochomelewa pale pale kwenye ubao. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, iondoe. Hata isipovuja, ikiisha nguvu BIOS husahau kila kitu. Kwa hiyo ingia humo, uthibitishe kwamba draivu A imesajiliwa kuwa ya inchi 3.5 na megabaiti 1.44, na kwamba mashine inaanza kutafuta mfumo katika A kabla ya C.

Taa ya draivu ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, kebo imechomekwa kinyume. Ukingo wenye mstari mwekundu unakaa upande wa pini namba 1. Angalia pia mahali ambapo baadhi ya nyuzi zimesokotwa: draivu iliyo baada ya msokoto, mwisho wa kebo, ndiyo A.

Mashine ikilalamika kwamba diski haina mfumo, uliza flopi ilitengenezwaje. Siku hizi watu hupata taswira ya diski, yaani faili moja lenye nakala ya flopi nzima, kisha hujaribu kulikopi kwenye flopi kama picha au barua. Haliwezi kuingia. Taswira ina baiti 1,474,560, ilhali flopi iliyofomatiwa hubakiwa na nafasi ya baiti 1,457,664 tu. Taswira huandikwa sekta kwa sekta, kwa programu kama RawWrite kwenye Windows au amri ya dd kwenye Linux. Draivu ya nje ya USB inatosha kwa kazi hiyo, ila usiitegemee kwa Windows 95: flopi zake, ukiacha ya kwanza, zilibanwa zibebe takriban megabaiti 1.68, na draivu nyingi za USB hazizielewi.

Sasa tufike penye usumbufu hasa: usakinishaji umeanza vizuri, umefika flopi ya pili, umekwama. Skrini inauliza kama ujaribu tena. Usibonyeze mfululizo, maana kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwangua diski. Itoe, sogeza kilango chake, izungushe polepole kwa kitovu cha chuma huku ukiitazama chini ya taa. Mikwaruzo ya duara ni msiba. Madoa ni ukungu, adui wa flopi zilizokaa kwenye hewa yenye unyevu, na watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Flopi ya namna hiyo usiirudishe, wala usiweke nyingine kabla hujasafisha kichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili, kwa mkono mwepesi.

Kama diski ni safi, ijaribu kwenye draivu nyingine. Ikisomeka huko, shuku vichwa vya draivu ya kwanza: ama vimechafuka, ama vimehama mstari. Draivu iliyohama mstari husoma vizuri ilichoandika yenyewe na kushindwa na vya wengine, kama mtu ambaye mwandiko wake anausoma peke yake. Dawa ya muda ni kuihamishia draivu hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye tundu la kebo ya flopi, uandike flopi zote humo, kisha uirudishe kwake. Lakini flopi hizo usimpe mtu.

Kwa Windows 3.1 kuna njia iliyo bora kuliko kubadilisha flopi katikati ya kazi. DOS ikishakaa, tengeneza folda kwenye diski ngumu, kopi humo flopi zote, kisha endesha SETUP kutoka huko. Flopi mbovu itajulikana wakati wa kukopi, kabla chochote hakijavurugika. Faili zikikopiwa zote salama na usakinishaji bado ukakwama, acha kuziandama flopi. Pima kumbukumbu ya mashine na uhakikishe HIMEM.SYS imepakiwa.

Diski ngumu nayo ina mipaka yake. DOS 6.22 haitengenezi kizigeu kinachozidi gigabaiti 2, na BIOS nyingi za kale haziitambui zaidi ya megabaiti 504, hata ukifunga diski kubwa namna gani.

Sony iliacha kutengeneza flopi za inchi 3.5 mwaka 2011, kwa hiyo hata zile "mpya" zilizo dukani zimekaa miaka mingi. Kwa anayesakinisha mara kwa mara, kifaa cha Gotek kina faida zaidi: hufungwa mahali pa draivu kwa kebo ile ile, na husoma taswira kutoka kwenye flashi ya USB. Na kama una flopi halisi za zamani, fungua kwanza kitundu cha kuzuia kuandikwa, kisha zitolee taswira leo, kabla hujasakinisha chochote.